Ukoko Mweupe Ndani ya Birika

Koili ya hita ya maji ikifika mezani kwa fundi, ni vigumu kuamini kwamba chini yake kuna shaba. Imevaa gamba jeupe lililogeuka kijivu, gumu kama saruji, tabaka juu ya tabaka, na pale gamba lilipopasuka bomba lenyewe limeungua na kuwa jeusi. Fundi huligonga kwa mpini wa bisibisi, gamba likadondoka vipande vipande, kisha hutoa jibu lake la kila siku: imekufa, nunua nyingine. Mwenye mali hununua. Hita ya pili ikifa kabla ya kumaliza mwaka wa pili, lawama huenda kiwandani, kwa nchi iliyoitengeneza, kwa muuza duka, au kwa umeme unaokatikakatika. Kila kilichoigusa hita hiyo huhojiwa isipokuwa maji.

Katika miji ya pwani ya Afrika Mashariki, kutoka Mombasa hadi Dar es Salaam na kuvuka hadi Unguja, maji ndiyo yanayostahili kuhojiwa kwanza. Sehemu kubwa ya ukanda huu imekaa juu ya matumbawe ya kale au mchanga uliochanganyika na chokaa, na wakazi wake wanazidi kunywa, kuoga na kufua kwa maji yanayovutwa kutoka ndani ya miamba hiyo. Vyombo vinavyokufa majumbani vinaweza kusomwa kama vipimo: vinaonyesha hali ya hazina ya maji iliyo chini ya miguu yetu, na hali hiyo inaharibika.

Tuanze na kinachotokea ndani ya birika. Maji ya mvua hayana ugumu. Yakipenya udongo hubeba hewa ya ukaa inayotolewa na mizizi na vijidudu, yakawa na uchachu hafifu. Uchachu huo ukikutana na jiwe la chokaa huliyeyusha kidogo kidogo, na kalsiamu huingia majini pamoja na bikaboneti. Katika hali hiyo maji yanaweza kuwa safi kabisa machoni, yakang'aa kwenye glasi. Ila muungano huo hudumu kwa sababu tu hewa ya ukaa bado imo ndani ya maji. Ukiyachemsha, hewa hutoka, na kalsiamu haina tena cha kuishikilia. Hurudi kuwa jiwe. Ukoko ulio ndani ya birika, kwa muundo wake wa kikemia, ni jiwe lile lile lililojengea nyumba za Lamu na Mji Mkongwe. Wahenga walilichoma kwenye matanuri kupata chokaa. Birika hulirudisha, gramu baada ya gramu.

Kuna tabia moja ya jiwe hili inayofaa kukumbukwa. Chumvi nyingi huyeyuka zaidi maji yakipata moto. Kaboneti ya kalsiamu hufanya kinyume: kadiri joto linavyopanda ndivyo inavyoyeyuka kwa shida. Kwa hiyo haitui popote tu ndani ya chombo. Huchagua mahali penye joto kali kuliko pote, yaani uso wa koili, mahali pale pale ambapo madhara yake ni makubwa kuliko kwingine.

Ugumu wa maji hupimwa kwa miligramu za kaboneti ya kalsiamu kwa lita. Kwa mgawanyo unaotumiwa na wataalamu wa jiolojia wa Marekani, maji yasiyozidi 60 ni laini, yanayozidi 120 ni magumu, na yanayopita 180 ni magumu sana. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba ugumu ukipita takriban 200, magamba huanza kujijenga ndani ya mabomba na matangi. Kiwango cha Afrika Mashariki cha maji ya kunywa, EAS 12, kinaruhusu hadi 300 kwa maji yaliyosafishwa na hadi 600 kwa maji ya asili. Tofauti kati ya vikomo hivyo na ile 200 ya magamba inaeleweka ukijua kwamba kiwango kimewekwa kwa ajili ya mnywaji. Shirika hilo la afya halikuweka kikomo cha ugumu kwa sababu za kiafya, maana kalsiamu na magnesiamu ni madini ambayo mwili unayahitaji. Maji yanaweza kukidhi sheria, yakamfaa mtoto, na bado yakawa sumu kwa hita.

Hesabu ndogo inatosha kuonyesha ukubwa wa jambo. Familia inayochemsha lita 6 kwa siku, kwa chai na kwa kunywa, huchemsha zaidi ya lita 2,100 kwa mwaka. Maji hayo yakiacha miligramu 200 kwa kila lita, mwaka mmoja huzaa zaidi ya gramu 400 za jiwe. Si lote linaloganda birikani. Jingine huelea kama vumbi jeupe na kumiminwa kwenye chupa ya chai. Sehemu yake huonekana kikombeni, ule utando unaong'aa juu ya chai ya rangi na kupasuka kama barafu ukipitishwa kijiko. Mwaka 1993 Michael Spiro na Deogratius Jaganyi, ambaye baadaye alikuja kuongoza Chuo Kikuu cha Mount Kenya, walichapisha katika jarida la Nature maelezo ya utando huo: hutokea palipo na kalsiamu na bikaboneti, na katika maji yasiyo na madini haujitokezi. Anayekamulia limau chai yake akaona utando umetoweka ameshafanya jaribio la kikemia bila kujua.

Hapa panahitaji uangalifu, kwa sababu dai linaloenezwa zaidi kuhusu magamba lina kasoro. Inasemwa kwamba ukoko kwenye koili huongeza sana gharama za umeme. Chokaa kweli hupitisha joto vibaya. Shaba hulipitisha kuliko jiwe hilo kwa zaidi ya mara 100. Lakini koili imezama ndani ya maji. Koili ya wati 3,000 hutoa joto la wati 3,000, na joto hilo halina pa kwenda isipokuwa kwenye maji yanayoizunguka, gamba liwepo lisiwepo. Linachelewa, halipotei. Taasisi ya Battelle ya Marekani ilipofanya majaribio mwaka 2009 kwa maji yenye ugumu wa karibu 450, hita za umeme za tangi zilibaki na ufanisi ule ule mwanzo hadi mwisho. Hita za gesi ndizo zilizopoteza ufanisi, kwa kuwa moto wake uko nje ya maji na joto linalozuiwa na gamba hutoroka na moshi. Utafiti huo ulilipiwa na taasisi iliyo karibu na wauzaji wa mashine za kulainisha maji, na kwa hiyo matokeo yasiyowafaa wauzaji hao yana uzito wa pekee.

Hasara ya koili ya umeme iko kwingine. Ndani ya bomba lake jembamba kuna waya wa nikromu uliofukiwa katika unga mweupe wa magnesia. Waya hutoa joto lake kwa kasi ile ile bila kujali kilichotanda nje. Gamba likizuia joto kutoka, joto la waya hupanda hadi lipate nguvu ya kulisukuma kupita kizuizi. Kila milimita ya ukoko huongeza kiwango hicho. Bomba hupanuka na kusinyaa kuliko lilivyokusudiwa, hupata ufa, maji huingia kwenye unga, na swichi ya usalama hukata umeme. Chombo kilichobuniwa kudumu miaka mingi hufa kwa kuunguzwa na joto lake chenyewe, kikiwa kimezungukwa na maji. Birika la umeme lina kifo cha aina hiyo hiyo chenye dalili ya mapema: hujizima kabla maji hayajatokota, kwa sababu kitako kimepata joto la kupita kiasi wakati maji bado yana uvuguvugu.

Vyombo vingine vinaweza kupitiwa kwa haraka. Pasi ya mvuke huziba matundu, kisha hutema vipande vyeupe kwenye nguo. Shawa hubakiza matundu machache yanayorusha maji pembeni. Vali za mashine ya kufulia hushindwa kufunga sawasawa, na boya la tangi la choo hukwama. Mabomba ya maji moto hupungua upana wake kutoka ndani bila mtu kuona.

Sabuni inastahili kituo kirefu zaidi, kwani hapo ndipo anapolipa hata asiye na hita wala mashine. Kabla ya sabuni kutoa povu, lazima kwanza iungane na kalsiamu na magnesiamu yote iliyomo majini na kugeuka yale mabonge ya kijivu yanayoganda kwenye beseni. Kwa kanuni za kikemia, ndoo ya lita 20 yenye ugumu wa 300 humeza takriban gramu 37 za sabuni halisi kabla povu la kwanza halijaonekana. Ndoo tano za kufulia nguo za familia humeza karibu gramu 185. Sabuni ya mche, ambayo ndani yake ina maji, huliwa zaidi ya hapo. Mama anayesema maji ya kisima hiki hayashiki povu anatoa matokeo ya kipimo, na gharama ya kipimo hicho imetoka mfukoni mwake. Sabuni ya unga hustahimili zaidi, lakini nayo huongezwa kijiko baada ya kijiko.

Mpaka hapa maelezo yangeweza kuwa ya karne iliyopita. Kinachobadilisha jambo ni mwelekeo, na mwelekeo huo una injini mbili.

Ya kwanza ni kuhama kutoka maji ya mito na chemchemi kwenda maji ya visima. Dar es Salaam imejengwa kwa kutegemea mto Ruvu, ambao maji yake ni laini kulinganisha na ya visima vya pwani. Ukame wa mwaka 1997 ulisukuma wimbi la uchimbaji wa visima virefu jijini, na wimbi hilo halikurudi mvua ziliporudi. Mwishoni mwa mwaka 2022 Ruvu ilipopungua tena, uzalishaji ulitangazwa kushuka kutoka lita milioni 466 hadi karibu milioni 300 kwa siku, na mgao ukaanza. Jiji lilikuwa na watu 5,383,728 kwa sensa ya mwaka huo, milioni moja zaidi ya mwaka 2012. Upungufu wa namna hiyo hauachi pengo tupu. Hujazwa na pampu za nyuani, na maboza yanayouza maji ambayo mnunuzi hajui yamevutwa wapi. Mombasa, inayotegemea maji yanayosafirishwa kutoka vyanzo vya Mzima, Marere, Baricho na Tiwi, ina historia inayofanana: kila siku bomba linapokauka, kisima cha uani huongezewa saa za kazi.

Unguja haina hata chaguo hilo la mto mkubwa. Sultani Barghash bin Said, aliyetawala kati ya 1870 na 1888, aliuletea mji maji ya bomba kutoka chemchemi za upande wa kaskazini, na hadi leo kisiwa huishi kwa mvua iliyohifadhiwa ardhini. Zanzibar nzima ilikuwa na watu 1,303,569 mwaka 2012. Mwaka 2022 ilikuwa na 1,889,773, ongezeko la asilimia 45 ndani ya miaka kumi. Juu ya hao wamo wageni. Stefan Gössling, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2001, alikadiria kwamba mtalii mmoja wa pwani ya mashariki alitumia kwa wastani lita 685 kwa siku. Ni zaidi ya ndoo 34 kwa kichwa kimoja, katika ardhi ya maweni ambako udongo ni haba na jiwe liko wazi.

Injini ya pili iko chini kabisa, na ndiyo ya kutisha. Maji baridi ya pwani, yaani yasiyo ya chumvi, hayakukaa ndani ya beseni lenye kitako. Yanaelea juu ya maji ya bahari yaliyopenya chini ya nchi kavu, kwa sababu ni mepesi kidogo tu kuyashinda: uzito wa kilo 1,000 kwa mita ya ujazo dhidi ya 1,025. Wahandisi wawili, Badon Ghijben wa Uholanzi na Herzberg wa Ujerumani, waligundua kila mmoja kwa wakati wake, mwishoni mwa karne ya 19 na mwaka 1901, hesabu inayotokana na tofauti hiyo. Kwa kila mita moja ambayo maji baridi yamesimama juu ya usawa wa bahari, kuna takriban mita 40 za maji baridi chini yake. Kanuni hiyo hufanya kazi pande zote mbili. Pampu ikishusha kina cha maji kwa mita moja tu, mpaka wa maji ya bahari una deni la kupanda mita 40. Haupandi siku hiyo hiyo. Huchukua muda, na ucheleweshaji huo ndio unaomdanganya mwenye kisima kwamba hakuna kilichotokea.

Maji ya bahari yana kloridi karibu miligramu 19,000 kwa lita, na ugumu wake, ukijumlisha kalsiamu na magnesiamu, unapita 6,000. Asilimia moja ya maji hayo ikiingia kisimani huongeza kloridi kwa 190 na ugumu kwa 60 na ushei. Kwa kisima kilichokuwa na chumvi kidogo, ongezeko hilo la kloridi bado liko chini ya 250, kiwango ambacho ulimi huanza kushtuka. Ina maana bahari imeshafika na hakuna aliyeionja. Isitoshe, mbele ya maji ya chumvi yanayosonga, sodiamu hung'oa kalsiamu iliyokuwa imeshikiliwa na chembe za udongo wa mfinyanzi na kuchukua nafasi yake. Kalsiamu hiyo huingia majini na kuzidisha ugumu kupita ule ambao mchanganyiko peke yake ungeuleta. Sabuni inaweza kukataa povu kabla chai haijawa na chumvi.

Mchango mwingine unatoka kwenye vyoo vyetu. Maji taka ya mashimo na makaro yakioza ardhini hutoa hewa ya ukaa, na hewa hiyo huyapa maji uwezo zaidi wa kuyeyusha chokaa. Mtaa uliojaa makaro juu ya matumbawe unajitengenezea maji magumu zaidi huku ukiyachafua.

Bahari ikishaingia, kifo cha vyombo hubadilika sura. Ugumu wa asili wa chokaa huitwa wa muda, kwa kuwa kuchemsha huuondoa. Unaoletwa na kloridi ni wa kudumu; hauondoki kwa moto. Na kloridi yenyewe hushambulia chuma, hata kile cha pua kinachosifiwa kwamba hakishiki kutu. Chini ya gamba, mahali ambapo oksijeni haifiki vizuri, hutoboa vishimo vidogo kama vya sindano. Tangi la hita huanza kuvuja kwenye maungio. Fundi atasema limeoza. Hatua hii ikifika, kisima kimeshapita mahali ambapo siki au limau vingesaidia, ingawa kwa ukoko wa kawaida wa birika dawa hizo mbili zinatosha kabisa.

Majibu ambayo kaya hujipatia yana kasoro moja inayojirudia: kila moja humtatulia mmoja na kuwaongezea tatizo waliobaki. Kisima kikiharibika, huchimbwa kingine kirefu zaidi, yaani karibu zaidi na mpaka wa bahari. Mashine ya kulainisha hubadilisha kalsiamu kwa sodiamu, kisha lazima isafishwe kwa maji ya chumvi. Nyumba inayotumia lita 500 kwa siku zenye ugumu wa 300 itahitaji zaidi ya kilo 100 za chumvi kwa mwaka, na chumvi hiyo yote humwagwa karoni, ikapenya matumbawe na kurudi kwenye maji yale yale. Mitambo ya kuchuja ya hoteli hutoa maji laini upande mmoja na maji ya chumvi kali upande wa pili, na huo upande wa pili lazima uende mahali. Vifaa vya sumaku vinavyofungwa kwenye bomba havitoi hata atomu moja ya kalsiamu majini, na ushahidi wa manufaa yake ni dhaifu. Uvunaji wa maji ya mvua kutoka paani ndio pekee usiokopa kutoka ardhini. Maji hayo ni laini, na kwa hita na kufulia hayana mpinzani. Lakini yanadai tangi kubwa, na ua wa kuliweka.

Sheria zipo. Tanzania Bara ina Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009, na Dar es Salaam iko chini ya Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu. Kenya ina Sheria ya Maji ya mwaka 2016, na Zanzibar ina mamlaka yake ya maji. Sheria hizo zinatambua kwamba maji ya ardhini hayawi mali ya mtu kwa sababu tu yako chini ya kiwanja chake. Kinachokosekana ni rekodi. Ukoko wa birika ni ushahidi, lakini hauna tarehe.

Kwa hiyo mwenye kisima Mbezi ya Dar es Salaam, Nyali ya Mombasa au Paje ya Unguja anaombwa afanye jambo moja lisilo na gharama kubwa. Apeleke chupa ya maji yake maabara mara mbili kwa mwaka, kiangazi kikiisha na masika yakiisha. Apimiwe ugumu, kloridi na uwezo wa maji kupitisha umeme. Aandike tarehe, kina cha maji na saa ambazo pampu hufanya kazi, na nakala aipeleke kwa wenye mamlaka ya bonde lake. Kisima kisichopimwa miaka kumi hakiwezi kusema bahari ilikifikia lini, na bila tarehe hiyo hakuna bodi inayoweza kumwamuru yeyote kuzima pampu.